Masale Niliyoyafyeka

Nilipunguzwa kazi ya upimaji ardhi wilayani Same miaka ile serikali ilipokuwa ikijivua kila kitu, hata sisi. Nikabaki na cheti na kiburi kisicho na mshahara. Kwa hiyo mwekezaji aliyenunua ghala la ushirika kule kwetu Mhezi aliponitaka nimpimie kiwanja kabla ya kujenga ukuta, sikujiuliza mara mbili. Kiwanja kilipakana na shamba la mama yangu.

Mpaka kati ya kiwanja na shamba ulikuwa wa masale, mimea ya majani marefu ipandwayo mipakani. Upareni hata mtoto anajua kwamba masale ya mpaka hayakatwi, na aliyeyakata neno lake halisikilizwi tena kwenye kesi ya shamba. Yale yetu yalianzia kona moja, yakapinda kuizunguka ndiva, bwawa dogo la kumwagilia alilochimba marehemu baba, ndipo yakaifuata kona ya pili. Ramani ya zamani haikujua habari hizo. Ilipiga mstari mmoja, kona hadi kona.

"Mwanangu, hapo baba yako alipinda kwa ajili ya maji," mama aliniambia.

"Mama, kazi ya kitaalamu haiendi kwa kupindapinda."

Najichukia hadi leo kwa jibu lile. Masale yalikuwa yakinizibia darubini, nikachukua panga nikayafyeka mwenyewe. Mama alisimama pale pale, mikono kifuani, akiniangalia mpaka nikamaliza. Wajenzi wakaja kung'oa mizizi, na ukuta ulipopanda ndiva ikabaki ndani, upande wa mwekezaji. Maharage ya mama yakanyauka msimu huohuo.

Akashtaki kwenye baraza la kata. Nilikaa upande wa mwekezaji, ramani yenye sahihi yangu mapajani. Mwenyekiti, mzee wa palepale, aliitazama kidogo tu akaiweka kando.

"Masale yale sote tunayakumbuka," alisema. "Mama, tuambie nani aliyeyakata, kesi iishe."

Angetaja jina langu, ramani ingekuwa takataka na ndiva ingerudi. Nami nisingempimia tena mtu shamba katika milima ile. Mama hakunitazama.

"Hayakukatwa," alisema. "Yalikauka."

Masale hayakauki hivihivi, na baraza zima lilijua. Walinigeukia, wakanisubiri. Sikufungua mdomo.