Kasasi ka Nguvu

Ndugu yangu mdogo ana leseni ya bastola na klabu yake ya shabaha ni halali. Naanza na hilo nisije nikamwonea. Huko klabuni wanapiga sahani za chuma, na sahani isipoanguka hupati pointi. Risasi zake za kawaida zilikuwa zinaigonga sahani nzito na kuiacha imesimama, ndiyo maana akataka zenye nguvu zaidi.

Alibaki na aina mbili za kuchagua. Moja ni milimita tisa yenye baruti kali, ya bastola yake ileile. Ya pili, iitwayo thelathini na nane, inasukuma zaidi, ila inarusha mkono na inataka bastola nyingine.

"Yaya, chagua wewe," aliniambia Jumapili mezani, hapa kwangu Doonside, ugenini. Kwetu Bukavu yaya ni dada mkubwa, na jambo zito linangoja neno lake. Lakini mimi nilizikimbia hizo risasi nikiwa nimembeba yeye mgongoni. Ningejuaje iliyo nzuri?

Mchumba wake, nesi Mkenya wa hospitali ya Westmead, alikuwa jikoni anaosha vyombo. Ndoa ilikuwa imekaribia. Ndugu yangu akapaza sauti ili ishinde ya bomba: "Minatafuta tu kasasi ka nguvu, Yaya. Ka kuangusha mara moja."

Bomba likafungwa. Mchumba akatokea mlangoni. "Kumbe unatafuta kisasi?"

"Ndiyo, kasasi."

"Kwa ajili ya nani?"

"Ya Jumamosi. Wale wazee wa klabu wananicheka sana. Mara hii watanyamaza."

Alifuta mikono, akachukua mkoba, akaenda stesheni. Ndugu yangu alicheka, akidhani ni utani. Mimi pia nilichelewa kuelewa.

Nilitoka nje, nikampigia mchumba simu. Nilimweleza kwamba kwetu risasi ni masasi, na kitu kidogo tunakiwekea "ka", ndiyo kasasi. Hakuna aliyetaja kulipiza. Alinisikiliza bila kunikatiza, hilo lazima niliseme.

"Asante, wifi. Neno nimelielewa. Sasa hayo masasi, tukishaoana, yatalala wapi?"

"Kwenye sanduku la chuma, limefungwa. Sheria inataka hivyo."

"Nauliza nyumba ya nani."

Ningemdanganya vipi? "Yenu," nikasema.

Upande wake treni ikatangazwa.

"Basi mwambie achague," alisema. "Hayo, au mimi."

Niliporudi mezani, ndugu yangu alikuwa na picha za zile aina mbili kwenye simu yake.

"Amesema nini?"

"Amesema uchague..."

Uso ukamng'aa kabla sijamaliza. "Unaona? Hata yeye amekubali." Akanisogezea simu. "Sasa, Yaya, tisa ao thelathini na nane?"

Nilimaliza sentensi yangu: hayo masasi, au yeye. Alikuwa bado ameninyooshea ile simu, na mimi bado nikiziangalia zile picha, kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye.