Maneno Yaliyouza Godoro

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hawezi kukuambia chai ipo tayari ikaishia hapo. Atasimama mlangoni, ainue kikombe juu, atangaze, "Chai ya moto, imebaki kidogo, anayewahi ndiye mnywaji!" Ndiyo maana humu ndani tunamwita Ofa. Mwanangu, ambaye hata kusimama dede bado, akimwona tu anaanza kucheka. Nadhani anangoja kuambiwa kitu gani kimeshuka bei.

Kazi yake ni kuandika na kupamba barua pepe za duka moja kubwa la vitu vya nyumbani: magodoro, mashuka, mabirika, mataulo. Ukinunua hata beseni pale, wanakuomba anwani yako, na kila Ijumaa asubuhi barua ya Ofa inakukuta kwenye simu. Yeye ndiye anayechagua picha, rangi, na mahali pa kuweka kitufe cha kununulia. Zaidi ya yote yeye ndiye anayetunga kichwa cha barua, yale maneno machache unayoyaona kabla hujafungua.

"Kichwa ndio mlango, shem," huwa ananiambia. "Mlango ukichosha, hata ndani kuwe na dhahabu, mtu anapita zake."

Ofisi yake ni chumba cha juu ya duka, katikati ya maboksi ya chupa za chai, lakini akili yake inashinda jikoni kwangu. Lile birika lake lililosifiwa sana lilipigwa picha juu ya meza yangu, na doa la uji likafichwa na sahani. Mguu wa mwanangu, ule wa kulia wenye mikunjo, umeuza mataulo mpaka yakaisha. Na mimi ndiye mwonjaji. Kazini kwao wana utaratibu: wateja wachache wanapelekewa kichwa hiki, wengine kile, halafu kilichofunguliwa zaidi ndicho kinachokwenda kwa watu wote. Ofa haridhiki mpaka vyote viwili vipite kwangu kwanza. Niko na mtoto begani, namngoja acheue, yeye kaniwekea simu mbele ya pua.

"Shem, ungefungua hii au hii?"

"Mimi ningefungua dirisha. Mtoto ana joto."

"Basi umechagua ya pili," anasema, anaondoka ameridhika.

Ofa ana mchumba, binti fundi wa nguo, mpole, mwenye macho yasiyoachia uzi uliolegea. Ananiita dada, nami namwona mdogo wangu kabisa. Walishakubaliana kuoana, kilichobaki kilikuwa kupanga siku. Sasa, huyu binti aliwahi kununua mto pale dukani. Kwa hiyo barua za Ofa zinamfikia kama mteja mwingine yeyote, na yeye huzisoma zote, mpaka zile herufi ndogo za chini.

Ijumaa moja akaingia kwangu bila hodi. Hakukaa. Akaninyooshea simu.

"Dada, hebu soma."

Nikaona godoro juu ya kitanda cha mbao, shuka jeupe, jua la asubuhi likipita dirishani. Ilipendeza kweli. Juu yake, kwa herufi kubwa: *Tangu nikupate, nimesahau kuchoka.* Na chini: *Magodoro yote, punguzo mpaka Jumapili.*

"Nzuri," nikasema, maana sikujua.

"Eeh, nzuri! Hata mimi nilisema nzuri aliponiambia. Tumekaa kwenye ngazi pale kazini kwangu, mvua inanyesha, kanishika mkono, ananiambia maneno hayohayo. Nikalia, dada. Nikalia mimi! Kumbe mwenzangu anajaribu tangazo."

Nikauma midomo. Mtoto, ambaye hana adabu, akacheka kwa niaba yangu.

"Labda kazi ilimbana," nikasema.

"Na mimi ndiyo anigeuze godauni la maneno yake? Mguu wa mtoto walikuja kuuomba, tena kwa heshima. Mimi nimewekewa punguzo bila taarifa." Akajipangusa jicho kwa mkono wa blauzi. "Mwambie hivi. Sasa kila neno tamu atakaloniambia nitakuwa nahesabu litatoka Ijumaa ipi. Siwezi kuolewa na mtu ambaye sijui anaongea na mimi au na wateja. Mambo ya kupanga siku yasimame. Na yakisimama sana, yalale kabisa."

Jioni Ofa alirudi amelegea kama nguo iliyosahauliwa kwenye maji. Kumbe binti alishaacha kupokea simu zake.

"Shem, nilikuwa sina kichwa. Mama mwenye duka kasimama nyuma ya kiti changu, anahema. Mkono ukaandika wenyewe."

"Na lile punguzo," mume wangu akauliza huku anavua viatu, "mkono uliandika wenyewe pia?"

"Kaka, usinicheke. Ila ile barua, mjue, imefunguliwa kuliko zote za mwaka huu." Aliyasema kwa majivuno kidogo, halafu akakumbuka kwamba ana huzuni.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja nakamua nepi, nikaiona simu imenijia mbele ya pua kama zamani. Kulikuwa na ujumbe mrefu wa kuomba radhi, na chini yake mwingine mfupi.

"Shem, ungefungua huu au huu?"

Nikaiacha nepi ndani ya beseni. Kusema kweli kila ujumbe ulikuwa mtamu, na wa pili nusura unitoe machozi. Hapo ndipo niliposhtuka.

"Shemeji, hata msamaha unataka kujua upi unafunguliwa zaidi?"

"Nataka nisikosee tu."

"Mwenzio anakuambia umemgawa kwa watu. Dawa yako ni kuja kunigawia na mimi?"

Akaiangalia simu, akakaa kwenye kigoda, akafuta mmoja, kisha wa pili. Mtoto akamtambalia mguuni akingoja ofa yake. Hakuna kitu. Wiki hiyo nyumba ilipoa jamani. Chai ikawa chai tu.

Alhamisi jioni akavaa shati aliloshonewa na yule binti, akatoka kwa miguu. Mama mwenye duka alikuwa ameshampigia mara mbili: kesho yake ndiyo ilikuwa barua kubwa ya mashuka, anataka kichwa chenye moto kuliko cha godoro. Ofa alirudi mtoto akiwa bado macho.

"Vipi?" nikauliza.

"Nimeongea naye."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia tu, shem."

Akapita chumbani kwake. Mtu ambaye amenisomesha hadi maneno ya kuuza ufagio!

Asubuhi ya Ijumaa, binti akaja na simu mkononi. Safari hii alibisha hodi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda ninaponyonyeshea.

"Jana alikuja," akasema. "Aliniambia maneno, dada. Maneno mazuri kuliko ya ngazini. Sikumjibu. Nilimwambia nitamjibu leo, barua ikishatoka."

Nikaelewa. Nikajikuta nasali kimoyomoyo kwa ajili ya mashuka. Ofa akishikwa na kiu ya kichwa kizuri haoni mbele wala nyuma, na bosi naye kasimama kwenye kisogo.

Simu ikalia. Akafungua, akainama mpaka nywele zikagusa kioo. Nikachungulia.

*Mashuka yapo. Bei imepungua. Karibuni.*

Picha ya shuka limekunjwa. Kitufe kimeandikwa *Nunua*. Basi. Binti akateremka mpaka chini, akasoma zile herufi ndogo, akarudi juu, akateremka tena. Hakuna neno lililowahi kumpendeza mtu.

"Jamani," akasema, na mabega yakaanza kutikisika, "hii ni barua mbaya!"

"Mbaya mno," nikasema.

"Mbovu kabisa!" Alicheka mpaka mwanangu akaachia ziwa kumtazama. Halafu akampigia simu Ofa, akamwambia aje jioni, tena aje na kaka yake, wazungumze siku.

Baadaye tulisikia mama mwenye duka alimuuliza ile ni ofa au ni tangazo la msiba. Ofa akajibu kwamba hayo ndiyo maneno aliyobakiwa nayo.

Alichomwambia yule binti ile Alhamisi, mpaka leo sikijui. Nimemchokonoa binti wakati wa kukata kitambaa cha gauni la harusi, akanitazama akatabasamu, akaendelea na mkasi wake. Nimeona wivu kidogo, mimi mwonjaji, ila ndivyo inavyotakiwa.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya mablanketi. Nikafungua: *Njoo nikufunike, baridi isijue unapolala.* Nikasoma mara mbili. Hayo ni maneno yangu, ninayombembelezea mwanangu kila jioni, na ukuta wa chumba cha Ofa ni mwembamba.

Nimemnyamazia. Mwanangu bado hana barua pepe.