Mafuta ya Juu ya Puti

Juzi fundi mmoja kijana alikuja kunibadilishia kioo cha dirisha. Alipobandua kifuniko cha mkebe wa puti, ile harufu ya mafuta ya kitani ilinipiga puani nikashika ukuta. "Nyanya, kwema?" akaniuliza. Nikamwambia kwema, aendelee na kazi yake. Kwema wapi! Nilikuwa nimerudi Msambweni, nina miaka minane, na nywele zinameta.

Baba yangu alikuwa seremala, na mwaka ule wa uhuru kazi kubwa ilikuwa vioo. Wazungu wa Diani walikuwa wakiuza nyumba zao na kuondoka, na wenye nyumba wapya walitaka madirisha yawe mazima upesi. Baba alikuwa na mkebe mmoja tu wa puti, ule uji mzito kama udongo wa kushikizia vioo, ulioagizwa Mombasa. Ukishafunguliwa, hewa ndiyo adui yake. Kila akimaliza kazi baba aliusawazisha kwa kidole gumba, akamimina mafuta ya kitani juu yake mpaka yaufunike wote, akaweka jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kisha akakigonga kifuniko kwa nyundo ya mbao. Mkebe ulikaa nyuma ya mtungi wa maji, penye ubaridi. Atakayeugusa, alisema, atamvunja mkono. Wengine husema hivyo kwa kutisha tu. Mama alikuwa na pengo la jino mbele, nasi sote tulijua jino lile lilikwenda wapi.

Mjomba Hamadi, mdogo wake mama, alikuwa akiishi nasi na kujifunza kazi kwa baba. Kijana yule alikuwa na mikono, jamani! Akikupa ubao alioupitishia patasi, utataka kuyanusa maua aliyoyachonga. Baba alipokwenda Vanga wiki nzima kutengeneza milango, alimwachia mkebe ule aulinde na asiufungue kabisa.

Shuleni tulikuwa tukifanya mazoezi ya nyimbo za kupokea bendera, na mwalimu alikuwa amesema msichana mwenye nywele kavu hasimami mbele. Mafuta ya nazi mama alinipimia matone. Nami nilikuwa nimeyaona yale ya mkebeni, rangi ya asali, yamekaa bure. Msinicheke. Nilikiinua kifuniko kwa mpini wa mwiko, nikachota kwa vidole, nikajipaka. Nilifanya hivyo siku tano. Siku ya tano mafuta yakaisha, nikasikia mama akikohoa uani, nikakirudisha kifuniko juu juu tu na kukimbia. Mazoezini nilisimama mbele, katikati.

Siku mbili baadaye, Ijumaa baada ya swala, baba alirudi. Kesho yake mwenye nyumba wa Diani alikuwa anaingia, na vioo sita havijakaa. Akaufungua mkebe, akatia kidole gumba. Kidole hakikuzama.

Aliubamiza ukutani mpaka udongo wa ukuta ukamomonyoka, kisha akamkamata mjomba shingoni.

"Wallahi sikuugusa, shemeji," mjomba alisema.

Baba akamwachia, akageuka, nyundo mkononi, macho mekundu. "Basi ni nani katika hawa?" Mama akajisogeza mbele yangu. Mjomba alinitazama, akavuta pumzi puani mara moja.

"Ni mimi, shemeji. Nilifungua kutazama tu, nikasahau kufunika."

Baba akaulaza mkono wa kulia wa mjomba juu ya meza ya kazi. Pigo la kwanza nilisikia mfupa. La pili mjomba alipiga ukelele ambao mpaka leo ninausikia. Kabla ya la tatu mama alikuwa amekwisha kumrukia baba mgongoni, amemng'ata sikio, damu inamtiririka hadi kwenye kanzu. Baba akamtupa, mama akaangukia mtungi ukapasuka, na la tatu likashuka. Maji na damu yakatambaa mpaka miguuni pangu. Nami, Mungu anisamehe, nilichokiwaza ni kwamba nimepona.

Asubuhi nywele zangu zilikuwa zimegandana, ngumu kama kamba ya katani. Mama aliniita jikoni kabla baba hajaamka, akaninyoa kichwa kizima bila kuniuliza neno, na zile nywele akazichoma. Nikadhani ameona chawa. Siku ya bendera niliimba nyuma kabisa, nimejifunika leso.

Vidole vya mjomba havikukunjika tena. Patasi hakuishika tena. Aliuza mihogo sokoni Bongwe maisha yake yote, akihesabu chenji kwa mkono wa kushoto, na kila nilipompitia alinichagulia mihogo minene.

Nilimwambia ukweli nikiwa na wajukuu tayari, yeye kitandani, mimi nimeshika ule mkono mgumu. Nililia hata nikashindwa kumaliza.

"Nilijua," akasema. "Harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Hata mama yako alijua."

"Mbona hukunitaja, mjomba? Mikono yako ilikuwa riziki yako."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Baba yako alikuwa ameshika nyundo, mwanangu. Mimi mikono nilikuwa nayo miwili. Wewe kichwa ulikuwa nacho kimoja."