Anwani ya Majaribio

Pale chuoni walimwita Posta, na jina hilo lilimkaa mpaka wageni wakadhani ndilo alilopewa na mama yake. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha barua pepe za chuo zinatoka na zinaingia. Aliifanyia kwenye chumba kilichobanwa kati ya stoo ya mafagio na choo cha walimu, chenye feni moja inayokohoa na seva mbili juu ya meza iliyokataliwa na ofisi zote. Barua zikifika, hakuna aliyemkumbuka. Zikichelewa, kila mtu alijua njia ya kwenda kwake.

Aliishi na dada yake mkubwa. Wazazi walipofariki, yeye bado anavaa kaptula ya shule, dada ndiye aliyekaa kwenye cherehani akamsomesha kwa nguo za watu: sare, mapazia, magauni ya harusi ambazo mwenyewe hakualikwa. Sasa macho yalikuwa yanamwacha. Daktari alisema ni presha ya macho. La kushoto lilishazima kabisa, na la kulia lilikuwa likifunga taratibu kuanzia pembeni, kiasi kwamba akiweka kikombe ubavuni kwake, alilazimika kukipapasa. Daktari hakuzungukazunguka. Alisema kilichopotea hakirudi, upasuaji ungeokoa kilichobaki tu, na madaktari bingwa wa kuufanya walikuwa wanakuja hospitali ya rufaa kwa muda mfupi. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Atakayepangiwa angearifiwa, naye alitakiwa kujibu upesi kwamba anakuja, la sivyo nafasi ingekwenda kwa anayefuata.

Muuguzi wa mapokezi aliuliza wapewe taarifa kwa simu au kwa barua pepe. Dada alishaanza kutaja namba, Posta akamkatiza.

"Andika barua pepe yangu," alimwambia muuguzi. "Simu inaisha chaji, inaibiwa. Hii haizimiki, naisimamia mwenyewe."

Akaitaja anwani yake ya chuoni herufi kwa herufi, kifua mbele. Dada alitabasamu. Huyu ndiye mtoto aliyemsomesha, na leo anazungumza na watu wa hospitali kama mtu mwenye ofisi.

Haukupita muda seva ya zamani ya chuo ikaanza kukata roho. Mkuu wa chuo, mtu mpole asiyependa mabishano, alimwita Posta akasema kwa adabu kwamba labda wakati umefika wa kuikabidhi kampuni ya nje kazi hiyo ya barua. Posta alisikia kama ameambiwa afungashe virago. Aliomba nafasi ya kusimika mfumo mpya kwa mikono yake, akapewa.

Programu aliyoichagua ilikuwa ya aina ile inayokaa nyuma ya pazia saa zote, haina dirisha wala kitufe, inasubiri tu barua ibishe hodi. Ilikuja tupu. Ilijua kupokea na kukabidhi, basi. Kila kazi nyingine ulipaswa kuipachikia kijiprogramu chake: cha kuuliza anayebisha ni nani, cha kunusa barua taka, cha kusaka virusi, cha kugawa barua kwenye masanduku ya watu. Ulivipanga kwa mfuatano kwenye faili la mipangilio, na kila barua ikapita kwa kimoja baada ya kingine, kama mgonjwa anayezungushwa madirishani. Posta aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ukiijua, unaifanya itakavyo roho yako.

Ila ilimtoa jasho. Mara ilidai kifurushi ambacho hakipo. Alipokileta ikadai toleo jipya zaidi, na toleo jipya likagombana na nusu ya kompyuta. Mara iliwaka vizuri ikafa kimya kimya, na baada ya kuhangaika sana akagundua kwamba hakuipa ruhusa ya kuandika kwenye folda yake yenyewe. Programu ya zamani nayo iligoma kuachia mlango wa barua, akaing'oa na mizizi yake. Katibu muhtasi wa mkuu wa chuo, mama mwenye utani mwingi, alikuwa akimpelekea chai na kumuuliza kama amehamia humo ndani na godoro.

Hatimaye barua ya kwanza ikapita. Sasa ilibaki kuijaribu mashine kwa mzigo mzito, na mafundi wa kazi hii hujaribia anwani zao wenyewe, maana huwezi kummwagia mkuu wa chuo maelfu ya barua zilizoandikwa "jaribio". Posta akazielekeza kwake. Muda si muda sanduku lake lilifurika, diski ikalalamika, mashine nzima ikaanza kuchechemea. Ndipo akaandika mstari mmoja na kuuweka mbele ya mingine yote: barua yoyote ya anwani hii, mjibu aliyeituma kwamba imepokelewa, kisha itupe. Hakusema iwekwe kando. Alisema itupwe, kwa sababu diski ilikuwa ndogo. Angeuondoa siku ya kufungua mfumo. Ungemuuliza wakati ule, angekuapia.

Siku ya kufungua, mkuu wa chuo alisimama mlangoni na walimu nyuma yake. Barua zikaenda, zikarudi, simu zikalia mifukoni, watu wakapiga makofi. Walimshika mkono Posta hadi mkono ukamuuma. Mstari ule hakuukumbuka hata kidogo.

Kilichofuata ni utulivu ambao hakuwahi kuupata maishani. Sanduku lake lilikuwa jeupe. Hakuna mwalimu aliyelalamika kwa maandishi, hakuna mwanafunzi aliyesahau nywila. Alijiambia kwamba huu ndio mfumo uliosimikwa na mtu anayejua kazi, akavimba kichwa kidogo. Nani asingevimba?

Jioni dada alikuwa akimsubiri. Hakumuuliza moja kwa moja, asije akaonekana anamsumbua. Aliuliza kwanza habari za kazi, kama amekula, kama feni imetengenezwa, ndipo akauliza kama wale watu wameandika. Posta alitoa simu, akafungua sanduku mbele yake, akamsogezea kioo kwenye jicho la kulia ajionee mwenyewe. Dada alikitazama kile kioo kitupu, akashukuru, akarudi kwenye cherehani.

Siku moja alishindwa kuvumilia. Akaomba wapige simu hospitali, waulize tu.

"Dada," Posta alisema, akicheka, "wangekuwa wameandika, mtu wa kwanza kujua ningekuwa mimi."

Akaongeza maneno kuhusu watu wa hospitali na uzembe wao, na jinsi seva yao ilivyosimikwa ovyo. Dada hakuomba tena. Katika mambo ya mashine, alimwamini huyu mdogo wake kuliko alivyoyaamini macho yake.

Aliyemzindua ni katibu muhtasi. Alimkuta koridoni na hakumtania, wala hakumwangalia. Posta alipouliza kulikoni, mama akamwambia kwamba tangu apigiwe makofi ameota mapembe. Mtu anamwandikia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu kuhusu printa ya ofisi, anarudishiwa tu "imepokelewa" ya mashine, yeye mwenyewe hajibu hata neno. Posta alicheka. Alisema haiwezekani, kwenye mfumo huu barua haipotei.

Kicheko kilimkatikia mdomoni. Hakuhitaji kwenda kutafuta. Alijua pale pale koridoni, mgongo wake ukiwa ukutani, na mama wa watu akimuuliza kama anaumwa. Hata hivyo alikwenda, akalifungua faili la mipangilio, na mstari ulikuwa pale juu kabisa, umeandikwa vizuri, bila kosa hata la nukta. Aliufuta. Kisha akapiga simu hospitali.

Muuguzi alikuwa mstaarabu. Akaomba jina la mgonjwa, akapotea kidogo, akarudi.

"Tulimpangia," alisema. "Tuliwaandikia, tukawakumbusha. Mtambo wenu ulijibu kwamba imepokelewa, tukangoja. Mlipokaa kimya tukampa mwingine."

Posta aliuliza kama kuna njia yoyote. Muuguzi alisema madaktari wamemaliza na wameondoka, na hakuna anayejua watarudi lini. Akamshauri ampeleke mgonjwa kliniki aendelee na dawa za matone. Posta alishukuru, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya mwisho wa simu, akabaki ameishika mkononi huku feni ikikohoa. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nje mwalimu mmoja alipita akamsifu tena jinsi barua zinavyokwenda kasi siku hizi.

Aliondoka kazini jua likiwa bado kali. Alimkuta dada kwenye cherehani dirishani, kichwa amekiinamisha upande ili jicho la kulia likipate kitambaa. Alimweleza yote akiwa amesimama, na hakujitetea. Alieleza mstari ule unafanya nini, kwa nini aliuandika, na kwamba kila jioni alipomwonyesha kioo kitupu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amekifanya kitupu.

Mguu wa dada ulisimama juu ya pedali.

"Wameshaondoka?"

"Wameshaondoka, dada."

Alisugua pindo la kitambaa kwa kidole gumba. Posta alisubiri kufokewa. Alitaka afokewe. Angetukanwa, angepata angalau kitu cha kubeba.

"Na barua walizoandikiwa wenzako?" dada aliuliza. "Nazo zilitupwa?"

"Hapana."

"Za wanafunzi?"

"Zote zilifika."

"Hata moja haikupotea?"

"Hata moja."

"Basi kazi uliifanya vizuri," alisema. Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililommaliza Posta. Alifunika uso kwa mikono akalia kama mtoto.

Dada hakumbembeleza. Alivuta rundo la nguo za wateja akaanza kulichambua kwa vidole, zenye mishono midogo inayotaka macho makali upande huu zirudishwe kwa wenyewe, mashati na mashuka upande ule. Upande wa kurudishwa uliongezeka, ule mwingine ukabaki na nguo chache. Alipomaliza, alichomoa sindano kwenye mto wake, akapapasa uzi, akamnyooshea mdogo wake vyote viwili kwa pamoja.

"Nitungie," alisema.

Hakuwahi kumwomba mtu jambo hilo. Posta alifuta macho, akapokea, akajaribu, uzi ukapita kando ya tundu. Akajaribu tena. Dada alisubiri, kiganja wazi, uso ameuelekeza kidogo kando ya pale mdogo wake alipokuwa amesimama.