Mama wa Kona ya Nesitu

Mwanangu, kwa kuwa umeanza kazi ya barabara, nikukumbushe siku moja ambayo hainitoki. Nilikuwa kijana, nikipaka mistari na kusimika alama kwenye njia ya Nimule. Dereva wetu alikuwa Mzee Lado, mtu wa hapa Juba, mpole, kichwa chote mvi.

Jioni moja tulikuwa tukirudi mjini, jua limetupiga usoni. Kwenye kona karibu na Nesitu akasimamisha lori.

"Ngoja mama yule avuke," akasema.

Nikatazama. Hapakuwa na mtu. Yeye akainua mkono, akasalimia, kisha akaenda polepole.

Kesho yake akafanya vilevile. Wenzangu wakacheka, msimamizi akasema macho ya mzee yamekwisha, aachishwe kazi. Mimi sikuweza kucheka. Mara ya tatu nikashuka.

"Yuko wapi, mzee?"

"Pale. Amevaa nyeupe, ametugeuzia mgongo. Nenda tu, nitakwambia."

Nikatembea kwenye majani ya ukingoni. Nyuma yangu sauti yake ikaja taratibu: "Kalas! Basi, simama. Uko naye bega kwa bega."

Nikapapasa kwa mguu, nikakuta hewa. Mvua ilikuwa imeila barabara chini kwa chini, na majani yamefunika shimo refu kuliko mtu. Kando yangu palikuwa na baridi, na jua lilikuwa bado kali.

Nikarudi mbio. "Mzee, kwani barabara unaionaje hapa?"

"Siioni, mwanangu. Jua likinipiga naona weupe mtupu. Namfuata mama huyo. Anaposimama, najua njia imeishia hapo."

Tulijaza lile shimo. Tukapaka mstari mpana ukingoni, tukasimika nguzo zinazong'aa, na mshale mkubwa mbali kabla ya kona. Siku tuliyomaliza, Mzee Lado aliuona mshale mapema, akapunguza mwendo, akapita bila kusimama.

"Na mama?" nikamuuliza.

Tulipoiacha kona nyuma, akasema:

"Leo amegeuka. Nimemwona uso."

"Ni nani?"

"Sasa alama zenu ndizo zitakazosimama pale badala yake," akasema, akakaza usukani hadi Juba.

Basi, mwanangu, usichore barabara kwa macho yako ya ujana. Mpandishe mzee garini, muulize anapoteza njia wapi, na usimcheke anachokujibu. Andika herufi kubwa, onya mapema, ukingo uonekane hata jua likichoma. Wako wazee wengi njiani, na si wote wana mama wa kuwasimamia ukingoni.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayepita ulipopita wewe afike kwake salama.