Mkaza Mwanangu Alikiri Uongo, Nami Nikaupokea

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na jingine nitajitetea, na kwa kujitetea mimi ni hodari.

Mimi ni nyanya wa watu, wa huku Munje. Shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa kulea wadogo zangu, lakini kuandika najua na Kurani nimehitimu. Siandiki ili nihurumiwe. Hata mkinihurumia, sina pa kuiweka hiyo huruma. Majina nitakayotaja si yao, niwasitiri.

Mwanangu nitamwita Hamadi. Kazi yake ilikuwa Samburu, si ile ya kaskazini bali hii ya huku kwetu kwenye barabara kuu, kupakia mbuzi kwenye malori. Nyumbani alikuja akipata nafasi. Mkewe nitamwita Mwanamisi, mtoto wa watu wa Mwabungo, mpole, mkono wake mwepesi wa kazi. Tulikuwa tukikaa nyumba moja, mimi na yeye na mwanawe wa kike, Zuhura. Mchana tunashona makuti ya kuuzia mahoteli ya Diani. Nilimpenda. Na hilo nalo nalisema ili mjue kwamba kumpenda mtu hakukunizuia.

Zuhura alikuwa ameanza kutembea, akaacha. Hivyo tu. Akawa mtoto wa kukalishwa. Akakonda miguu, mbavu zikahesabika, nywele zikageuka rangi ya makumbi ya nazi. Akila anatema, akilala anatoka jasho mpaka kanga inalowa.

Siku moja tuko uani na majirani, vifungu vya makuti magotini, shoga yangu mmoja mwenye ulimi akasema, "Mwanamisi, huyu mtoto unamlisha upepo?"

Wanawake wakacheka. Mwanamisi naye akacheka kidogo, akasema, "Anakula, shangazi. Sijui kinaenda wapi."

"Kinaenda wapi? Kamuulize huyo mwanamume uliyemlisha kwanza."

Sote tulijua kinachosemwa.

Kwetu mtoto akikonda hivyo huitwa chirwa. Maana yake baba au mama ametoka nje ya ndoa, kisha akarudi na uchafu wake akamshika mtoto. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mamake. Likishatajwa neno hilo, hakuna anayeuliza tena mtoto ana homa au hana, analala na nani, nani mwingine mle ndani ni mgonjwa. Kinachoulizwa ni kimoja: nani katoka nje?

Mwanangu alikuwa Samburu, peke yake, miezi. Sikumuuliza. Nilimwangalia huyu aliye mbele yangu anayenipikia.

Kulikuwa na msichana wa kijiji anayezunguka majumbani kuangalia watoto, mhudumu wa afya. Alikuja na kile kitambaa chake cha kupimia mkono, akamvalisha Zuhura, uso ukambadilika. Akasema, "Shikamoo nyanya. Huyu mtoto apelekwe hospitali, asingoje. Na wewe hicho kikohozi umekuwa nacho tangu lini?"

Maana mimi nilikuwa nakohoa. Tangu kabla ya Maulidi nilikuwa nakohoa. Nikajiambia ni moshi wa vifuu vya nazi na vumbi la makuti. Mwanamke aliyepikia vifuu umri wake wote akikohoa, nani atashangaa?

Nikamwambia, "Kikohozi changu kina umri kukushinda wewe. Nenda kapime watoto wa wasiojua."

Akaondoka. Hakunijibu vibaya. Wamefunzwa adabu hawa.

Nikaita mganga, mwanamke wa kutoka bara huko, upande wa Kinango. Alikuja na kapu lake la majani. Akamtazama mtoto, akasema maneno niliyotaka kuyasikia. Kisha akasema vuo atatengeneza, ile dawa ya kumwogesha mtoto, lakini haitashika mpaka mwenye kosa akiri kwa kinywa chake na amtaje aliyekosa naye. Bila hivyo ni kumwogesha maji tu.

Mwanamisi akaapa. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu, akaapa kwa kichwa cha mwanawe. "Mama, sijamjua mwanamume mwingine. Wewe tunalala nyumba moja, ningetoka lini?"

Nikamwambia, "Mwenye kutoka haombi ruhusa."

Kwa siku kadhaa sikusema naye isipokuwa kwa hilo. Akiniwekea chakula, "Umekiri?" Akinifulia, "Umekiri?" Nilikuwa nikimpakata Zuhura mbele yake na kumwambia mtoto, "Mama yako anakuangalia unakufa, na dawa iko mdomoni mwake."

Niliyasema hayo. Mdomo huu huu.

Asubuhi moja akaja kupiga magoti kwenye mkeka, mimi na mganga tumekaa. Macho makavu. Akauliza, "Nikikiri, mwanangu atapona?"

Mganga akasema, "Atapona."

Akaniuliza na mimi. "Mama, atapona?"

Nikasema, "Inshallah, ukisema kweli."

Akasema, "Basi nimetoka."

"Na nani?"

Akanitazama mimi, si mganga. Akataja jina. Akasema, "Ni Bakari, yule mkwezi."

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Yote ya nyuma mngeweza kuniambia nilikuwa mjinga, na mjinga husamehewa.

Bakari alikuwa mkwezi wa minazi hapa kwetu. Kijana mzuri, akiimba juu ya mnazi wanawake wanaacha kuteka maji. Alianguka akafa. Alianguka akafa Mwanamisi angali msichana kwao Mwabungo, hajajua hata Munje iko wapi. Habari za Bakari alizijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsimulia tukishona makuti, nikamwigizia mpaka na nyimbo zake, tukacheka mpaka sindano zikatudondoka.

Mganga hakumjua Bakari. Kwake lilikuwa jina tu. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuponda majani.

Mimi nilijua. Pale pale nilijua kwamba huyu mwanamke amemtaja maiti, na aliyemtaja maiti hajatoka na mtu. Nilitakiwa kusema neno moja. Nikafunga kanga yangu vizuri, nikasema, "Alhamdulillahi, amesema."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka swali limeisha makali. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimewaambia majirani ni chirwa, na sasa ni chirwa. Nilitaka pia vuo lishike. Nilijiambia labda dawa hutaka kukiri tu, haijali ukweli wenyewe.

Nikampigia simu mwanangu. Nikamwambia mkeo amekiri. Hakuuliza na nani. Sikumwambia na nani. Akaja kutoka Samburu, vumbi la njia bado liko kwenye nyusi, akasimama mlangoni akamwambia mkewe, "Mama anasema umekiri. Kweli?"

Mwanamisi akanitazama mimi tena. Akangoja. Kisha akasema, "Nimekiri."

Akamwacha talaka moja. Mwanamisi akaenda kwao Mwabungo na begi lake. Mtoto nikabaki naye mimi. Nilisema mama mchafu asimguse mpaka vuo limalizike. Nikamlaza Zuhura kitandani kwangu, kifuani kwangu, ili apate joto. Nikimkoholea.

Nilikuwa nikimwogesha asubuhi na jioni. Maji ya kijani, yananukia vizuri. Mtoto akazidi kuisha. Akaanza naye kukohoa, kikohozi kidogo cha paka. Nikasema dawa inatoa uchafu.

Siku Mwanamisi aliporudi nilikuwa uani. Amekuja na mamake mzazi. Mamake akanisalimu kwa heshima zote, hatukukosana kwa kauli. Mwanamisi akapita moja kwa moja ndani, akamwona mwanawe kitandani, akatoka.

"Mama," akasema, "nilikiri. Mbona hajapona?"

Nikamjibu. Mpaka leo jibu langu nalisikia kama anasema mtu mwingine. Nikasema, "Labda hukukiri wote."

Akasema, "Basi sina tena wa kumtaja."

Akaingia ndani, akamchukua Zuhura, akamfunga mgongoni. Nilisimama mlangoni nikamzuia kwa mkono. Mamake akaushika mkono wangu, akaushusha taratibu kama mtu anayefunga kabati, akasema, "Hapana, dada. Imetosha." Wakaenda hospitali.

Ilikuwa kifua kikuu. Hospitali wakamtuma yule msichana wa kijiji aje aniite, na safari hii alikuja na mwenzake. Nilikataa. Siku niliyotema damu kwenye beseni nikakubali.

Muuguzi alikuwa mtu mzima, wa umri wa mwanangu. Akanipa kikopo nitemee. Majibu yalipotoka akavuta kiti karibu. Akasema, "Nyanya, mtoto mdogo hivi haokoti ugonjwa huu hivi hivi tu. Huupata kwa mtu mzima anayekaa naye karibu. Nyumbani kwenu nani alikuwa anakohoa?"

Nikafunika mdomo kwa kanga.

"Alikuwa analala na nani?"

Nikasema, "Na mimi."

Hakunigombeza. Akaandika, akanielekeza dirisha la dawa. Nilitaka anigombeze.

Tulimeza dawa, mimi Munje na mjukuu wangu Mwabungo, vidonge vile vile ila vyake vidogo. Tukapona. Zuhura alianza tena kutembea kule kwao, sikuona. Niliambiwa.

Mngedhani limeishia hapo. Nami nilidhani. Nilidhani kila mtu atasema: kumbe haikuwa chirwa, basi Mwanamisi hana kosa. Lakini siku niliyomwambia mwanangu amrejee mkewe, tukiwa bado tunameza dawa na kabla eda haijaisha, Hamadi alisema, "Mama, kifua kikuu sawa. Lakini si alikiri mwenyewe? Nani anakiri asilolifanya?"

Majirani nao hivyo hivyo. Mtoto aliumwa kifua, ndiyo, lakini mama si alikiri? Neno chirwa lilikwisha kuondoka, uchafu ukabaki kwake. Eda ikaisha. Na mtu aliyeweza kuuondoa uchafu huo alikuwa mmoja, naye alikuwa anakunywa chai.

Nilikaa nalo. Nililala nalo, nilisali nalo. Nikisujudu namwona Bakari juu ya mnazi. Nikaacha hata kulia, nikawa kama ukuti uliokwisha kukauka, unaukunja vyovyote hausemi.

Mwezi huu niliamka nikaoga, nikavaa buibui langu zuri, nikaenda Mwabungo. Mwanamisi alikuwa uani anakaanga viazi vya karai vya kuuza. Zuhura alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria. Mrefu. Miguu imejaa. Mama yake akamwambia amkia mgeni.

Mgeni.

"Shikamoo," akasema mtoto.

"Marahaba," nikasema, na sauti yangu ilitoka sawasawa, sijui vipi.

Mwanamisi akanipa kibao, nikaketi. Nikasema bila kuzunguka, "Mwanangu, siku ile ulipomtaja Bakari nilijua ni uongo. Nilijua alikufa kabla hujaja Munje. Nilijua na nikanyamaza."

Akageuza viazi kwenye karai. Akasema, "Najua ulijua."

"Ulijuaje?"

"Ndiyo maana nilimtaja yeye. Nilitaka kumtaja mtu ili mwanangu apone bila mtu mwingine kuvunjiwa nyumba. Na nilitaka wewe ujue. Niliona, mama akisikia Bakari, atasema, jamani huyu mkaza mwanangu ameshachoka, tumwache. Nilikuwa nangoja useme." Akapunguza moto. "Hata Hamadi alipouliza mlangoni, nilikuwa nangoja."

Akanifungia viazi kwenye gazeti, akanimwagia ukwaju juu. Hakunifukuza. Hakuniambia nirudi tena.

Nilipofika nyumbani nilimwita Hamadi aje kutoka Samburu, nikamwambia yote, na jina. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha akaenda akakaa kwenye rundo la makuti, pale pale alipokuwa akikaa mkewe, akashika kichwa. Alikwenda Mwabungo kuposa upya. Mwanamisi alimkaribisha, akampa maji, akamwambia ameshazoea kukaa bila mume. Sasa mwanangu akija Munje hulala kwa rafiki yake. Chakula changu hagusi.

Majirani nimewaambia pia, mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Yule shoga yangu mwenye ulimi akasema, "Si ungenyamaza tu, mbona yalikwisha poa?" Nikamwambia yalipoa kwangu.

Nyinyi akina nyanya wenzangu, nyinyi mnaosikilizwa, sikilizeni. Siwaambii mtupe kila kitu cha wazee. Mimi mwenyewe mengi sitayatupa. Nawaambia hivi: mtoto akiugua, neno lolote la zamani linalokufanya uache kuuliza, liogope. Uliza homa. Uliza chakula. Jiulize na wewe mwenyewe unakohoa nini. Kikohozi kikipita wiki kadhaa nenda kapime, hata kama kina umri kumshinda daktari.

Na mtu akikiri mbele yako kwa kuogopa kufiwa na mwanawe, usimpokee. Mwinue pale kwenye mkeka. Mwambie unajua si kweli.

Mimi nilikuwa na nafasi hiyo mara mbili, na mara zote mbili alinitazama.