Nguo Tuliziacha Kwenye Kamba

Enzi zetu, wingu jeusi likipanda kutoka upande wa Luzira, hakuna mama aliyekimbilia nguo zake. Ninyi mliokulia nami katika kambi ya polisi kule Makindye mnajua ninachosema. Nguo zilibaki kwenye kamba: sare za baba, nepi za mtoto, shuka la wageni. Zilipigwa na mvua, nyingine zikadondoka na kubebwa na matope, na hakuna aliyegeuka kuzitazama. Mama aliyeonekana akianua nguo wakati filimbi imekwisha kulia alibandikwa jina la Mama Kamba, na jina hilo halikumtoka mpaka mumewe alipopata uhamisho.

Filimbi yenyewe ilikuwa ya Mama Laker, mke wa sajini. Alikuwa Mwacholi mfupi, mnene, mwenye sauti ambayo baba alisema ilipotea bure kwa kukosa gwaride. Filimbi ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, hata kanisani. Alisimama mbele ya nyumba yake, akaipuliza mpaka mishipa ikamsimama, kisha akapaza sauti, "Kwanza zahanati! Nguo itakauka kesho!" Hapo milango yote ya kambi ilifunguka na kila nyumba ikatoa gunia lake.

Maana kila nyumba ilikuwa na gunia. Vijana wa leo ukiwaeleza hili wanadhani unawatania. Lilikaa barazani, limejazwa mchanga nusu tu, kwa sababu gunia lililojaa pomoni halilali vizuri na maji hupenya pembeni. Ubavuni liliandikwa namba ya kazi ya baba kwa rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka lango la kambi. Magunia tulipewa na Mzee Njoroge, Mkenya mwenye duka la sukari na mafuta ya taa nje ya lango. Kila msimu wa mvua alilalamika, "Mimi sina hata mtoto hapa Kampala, na bado nabeba gunia na mgongo yangu!" Alilalamika huku amekwisha kulibeba. Namba ya baba yako isipoonekana mlangoni pa zahanati siku ya mvua, kesho yake hakuna aliyekuita kwenye kwepena, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira, na baba yako alisalimiwa nusu nusu kazini.

Zahanati ilikuwa bondeni, chini ya mlima wa Kisugu, nyumba ndefu iliyoezekwa mabati, iliyotazamana na mtaro mkubwa. Nani aliamua kuijenga shimoni namna ile, simjui, na kama yu hai sina hamu ya kumjua. Lakini ndiyo tuliyokuwa nayo. Wake wa askari walijifungulia pale, na Waganda wa mtaani, na Wakongo waliokuja juzi. Chumba cha wazazi kilikuwa mwisho kabisa, upande wa mtaro, na maji yakija yaliingia humo kwanza. Laker, yule binti aliyempa mama yake jina, alizaliwa humo siku ya mafuriko. Maji yalifika magotini mwa mkunga, mama yake akapandishwa juu ya meza ya dawa, na Laker akatokea hapo juu, kati ya chupa na pamba. Alipotoka hapo ndipo Mama Laker aliponunua filimbi. Baba yangu Okello, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alitueleza sheria ile kwa Kiswahili chake cha kambini: "Hii nyumba yetu ikianguka, serikali itajenga ingine. Mtoto akizaliwa ndani ya maji, serikali itamukausha na nini?"

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kukanyaga. Watu wazima walipanga magunia mlangoni, moja likilalia jingine kama matofali, na sisi tukapanda juu yake kurukaruka ili yashikane. Hakuna mchezo uliowahi kunipa raha kama ule. Mvua inakupiga kisogoni, harufu ya katani iliyolowa imejaa puani, matope yanapenya kati ya vidole vya miguu, na watu wazima, wale wale waliokuchapa jana kwa kurukia kitanda, leo wanakuhimiza uruke zaidi. Kisha mkunga alitoka na sufuria la uji wa ulezi. Mpaka leo sijapata uji wa moto namna ile. Tuliunywa tumejikunyata ukutani, meno yakigongana, tukisikiliza maji yakipita nje kwa hasira na kichanga kikilia ndani, mahali pakavu. Mvua ikiisha kila gunia lilirudi kwao, likaanikwa, likasubiri.

Na Jumamosi ilikuwa fatiki. Kambi nzima, wenye vyeo na wasio na vyeo, ilishuka na majembe kuzibua mtaro. Tulitoa majani, tope, sufuria zilizotoboka, na siku za bahati tulitoa kambare, ambaye mama alimpika kwa karanga na jioni tukamla na posho, yaani ugali. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa hodari wa kutuchapa kwa hesabu, lakini mtoto aliyechelewa Jumatatu kwa sababu fatiki ilimwachia jipu mguuni hakuguswa.

Siku hizi vijana wetu wanajua mvua itanyesha saa ngapi. Simu inawaambia. Inawaambia hata upepo utatoka wapi. Basi wanapokwisha kuambiwa, wanafunga dirisha.

Lakini nisiwaonee vijana. Walioharibu ni sisi.

Baba zetu walistaafu, wengine wakarudi kaskazini, wengine wakazikwa. Sisi tukapanda mlima. Mimi niliishia Kisugu, na Mama Laker, baada ya sajini kufariki, alihamia nyumba inayotazamana na yangu pamoja na Laker, ambaye alikuwa amesomea ukunga na kuajiriwa katika zahanati ile ile alimozaliwa. Miaka michache iliyopita wafadhili wakaleta ukuta. Ukuta mrefu wa zege, wa kuizunguka zahanati yote, na lango la chuma, na ua uliotandazwa matofali mekundu mpaka pasibaki udongo wa kunywa maji hata tone. Ukuta huo, walisema, utazuia mafuriko milele. Tulipiga makofi. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki na soda.

Na wana wa kambi, kwa kuwa sisi ni watu wa kushiriki, tukataka na sisi tuonekane. Mmoja wetu akatoa wazo kwamba mchanga wa magunia yetu uingie katika zege la ukuta, iwe kumbukumbu ya wazazi. Wazo lilipendwa sana. Tukayaleta magunia ya baba zetu, tukayakata tumbo moja baada ya jingine, mchanga ukamwagwa kwenye kichanganyio, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikapigwa picha nimeshika gunia tupu lenye namba ya baba huku natabasamu. Mama Laker peke yake alikataa. Alikaa kwenye kiti chake, soda haijafunguliwa, akasema lake litabaki. Tulicheka, tukasema uzee. Fatiki nayo ikafa mwezi ule ule, maana nani atazibua mtaro wakati ukuta upo?

Mwaka huu mvua ilikuja mchana, Laker akiwa zamuni. Huko juu kulikuwa kumejengwa magorofa pale ambapo zamani palikuwa na kinamasi cha mafunjo, na mtaro ulikuwa umeshiba buveera, ile mifuko ya plastiki, na chupa. Maji yalipokosa njia yakaingia barabarani, yakapita langoni kama mgeni aliyealikwa, yakajaa uani. Matundu ya kutolea maji chini ya ukuta yalikuwa yamezibwa na takataka. Ukuta ule imara, wenye mchanga wa wazazi wetu ndani yake, ukayashika maji vizuri kabisa, upande wa ndani.

Laker aliandika katika kundi letu la simu, Wana wa Kambi: "Maji yanaingia. Nina wazazi ndani. Njooni." Kundi hilo lina watu wengi kuliko kambi yenyewe ilivyowahi kuwa nao. Majibu yakamiminika upesi kuliko mvua. Emoji za mikono inayoomba. "Pole dada." "Mungu mwema." Aliyeko Dubai akatuma wimbo wa dini. Mmoja akapendekeza tuchapishe fulana.

Nje nikasikia filimbi.

Mama Laker alikuwa amesimama langoni kwake, gauni lake la gomesi limemganda mwilini kwa maji, anapuliza kwa pumzi iliyobaki. Miguuni pake lilikuwa gunia la sajini, alilolikokota mpaka hapo. Madirisha ya mtaa yalikuwa yakifungwa moja moja. Askari mlinzi wa magorofa ya jirani alimjia mbio chini ya mfuko wa plastiki. "Jajja, wacha firimbi, nakuomba. Wapangaji wanapiga simu, wanauriza nani amekufa." Hakumtazama. Alinitazama mimi, niliyetoka nyumbani nimekunjua mwavuli.

"Wewe mutoto ya Okello," alisema. "Gunia yenu iko wapi?"

Nina wajukuu mimi. Lakini nilisimama pale na mwavuli wangu kama mtoto aliyekosa kaptula ya shule. Niliutupa mwavuli, nikalipakia gunia la sajini begani, nikashuka nalo mpaka bondeni, magoti yakinilaani njia nzima.

Nilimkuta Laker ndani ya maji ya mapajani, mama mmoja kampandisha juu ya meza. Friji ya chanjo ilikuwa imelala kifudifudi inaelea. Nikaliweka gunia mlangoni pa chumba cha wazazi. Gunia moja. Nikapanda juu yake nikaanza kurukaruka, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Juu ya ukuta vijana walikuwa wamekaa na simu zao. "Anko, ruka tena!" walinipigia kelele. "Anko, geuka huku!" Jioni video ilikuwa imezunguka mji mzima, mzee anacheza mvuani. Ilifika mpaka Wana wa Kambi. Wakaichekea sana, na aliyeko Dubai akauliza huyo kichaa ni nani.

Mtoto alizaliwa juu ya meza, kama Laker alivyozaliwa, na alilia kwa nguvu. Kingine chote kilikwenda. Dawa zilikwenda, magodoro yakaoza, ukuta wa chumba cha wazazi ukapasuka toka chini hadi juu. Wakubwa walikuja na viatu virefu vya mpira, wakatikisa vichwa, wakafunga lango kwa kufuli. Laker amehamishiwa ng'ambo ya mji na huondoka alfajiri. Wanawake wa bondeni uchungu ukiwashika wanapakizwa kwenye bodaboda, mmoja mbele, mmoja nyuma wa kumshikilia, wapande mlima kutafuta hospitali. Wale wa kundi letu walichapisha fulana kweli. Zimeandikwa Okoa Zahanati, na ni nzuri, ukizifua hazichuji.

Gunia nililirudisha mwenyewe, maana kila gunia hurudi kwao. Mama Laker alilianika, likakauka, akalipanga barazani, namba ya sajini ikitazama njia. Enzi zetu tulikuwa maskini wa kila kitu. Hatukuwa na wafadhili wala ukuta wala simu ya kutuambia mvua iko wapi. Tulikuwa na mchanga na mwanamke mwenye filimbi, na hakuna mtoto wa enzi ya filimbi ile aliyezaliwa ndani ya maji. Leo tuna kila kitu.

Juzi mchana nilikuwa nimekaa naye barazani, namsomea habari kwenye simu, upepo ukageuka. Wingu likapanda kutoka Luzira, jeusi, zito, kama yale ya zamani. Mama Laker akainuka. Akaishika filimbi, akaifikisha mdomoni. Akatazama chini bondeni, kwenye lile lango lenye kufuli. Akaiachia filimbi ikarudi kifuani.

"Mutoto ya Okello," akaniambia. "Anua nguo."